Gunia la Milka

Mjinga wa siku ile alikuwa Mwalimu Wachira, na hakuna haja ya kumzungusha msomaji akimtafuta mwingine. Wapo wajinga wa kuzaliwa, wapo wajinga wa kusingiziwa, na wapo wa aina yake: mtu anayekijua kitu sawasawa, kisha wageni wakija anajisahaulisha.

Alikuwa mtu wa mzaha. Alishuka Kisumu kijana kutoka Nyeri, akauza viatu vya mitumba katika soko la Kondele, dunia ikampiga kofi huku na huku, ndipo akasomea ualimu na kuishia kufundisha watoto wenye ugumu wa kujifunza katika shule moja karibu na soko lile lile. Mzaha ulimlisha enzi za viatu, na darasani aliuendeleza. Mtoto aliyesahau kalamu aliulizwa kama kalamu imeolewa na haikutuma hata mwaliko. Watoto walicheka, na walipenda kuja.

Milka ndiye aliyeushinda mzaha wake. Binti wa miaka kumi na mitatu, ukimsimulia hadithi leo atakurudishia mwezi ujao bila kuacha neno. Lakini kujipanga, mama yangu! Leo kaleta daftari la jana, kesho kaja na nguo za michezo siku ya gwaride. Na usimwambie habari ya ratiba ukutani. Herufi kwake zilikuwa kama samaki wadogo wa ufukoni: ukitia mkono majini, wametawanyika.

Walihangaika karibu muhula mzima. Walijaribu rangi, zikamchanganya. Walijaribu picha, zikabanduka. Mwishowe Milka mwenyewe akaleta gunia kuukuu la sukari, wakalishonea mifuko mitano, mmoja kwa kila siku ya shule.

"Sasa utajuaje upi ni wa lini?" Wachira aliuliza.

"Kwa kidole, Mwalimu."

Mfuko wa Jumatatu akaushonea kifungo cha shati, kwa sababu gwaridani hukaguliwa vifungo. Jumanne kipande cha mpira wa akala, vile viatu vya tairi, kwa kuwa ni siku ya michezo. Jumatano mkaa ndani ya kitambaa, siku ya mapishi. Alhamisi ushanga, siku ya kazi za mikono. Na Ijumaa, kichwa cha samaki mkavu, kwa kuwa Ijumaa jikoni hupikwa omena, dagaa wa ziwani, na kwa harufu yake siku hiyo hata kipofu anaijua. Gunia likatundikwa kwenye kona ya darasa. Kila jioni, kabla ya kwenda kwa shangazi yake alikoishi, Milka alipitisha kidole, akapata kesho yake, akaitia mkobani. Walimu wengine wakaacha kumtoa nje kwa kukosa vifaa. Hata Wachira alikosa la kumtania.

Aliyekuwa bado hajaamini ni baba yake. Mzee Opondo alikuwa mkulima wa mpunga Ahero, na mara mbili alikuja shuleni kumchukua binti yake moja kwa moja.

"Japuonj, mimi sikukatai wewe," alisema, akimwita mwalimu kwa Kijaluo kwa heshima. "Lakini huyu mtoto shule imemkataa. Mpunga unakomaa. Ndege wanataka mtu wa kuwafukuza, na ndege hawaulizi mtu kama anajua kusoma."

"Mzee, njoo siku ya wazazi. Utaona kwa macho yako anavyojipanga. Akishindwa, nitakubebea mkoba wake mimi mwenyewe mpaka steji ya matatu."

"Nikiona, atakaa," alisema Opondo. "Nisipoona, tunaenda."

Siku ya wazazi ikaangukia Alhamisi. Wageni kutoka ofisi ya elimu nao walikuwa wanakuja. Asubuhi mwalimu mkuu, Bi Rehma, alichungulia darasani, akakunja pua.

"Mwalimu, kuna samaki amekufia hapa, au ni pua yangu?"

Akacheka, akaenda zake kuhangaikia viti. Hakuagiza lolote. Lakini Wachira akageuka, akalitazama gunia kwa macho ya wageni. Masizi ya mkaa yalikuwa yamechora ramani. Kichwa cha samaki kilikuwa kimekodoa macho. Akaona aibu, na aibu ile ya kwanza ndiyo iliyozaa nyingine zote. Akaingia stoo, akatoa turubai jeupe lenye mifuko mitano iliyolingana kama meno katika tangazo la dawa ya meno, kila mmoja na kikaratasi chake kilichopigwa chapa kwa Kiingereza. Akahamisha vitu vya Milka. Gunia akalitupa katika shimo la taka nyuma ya jiko. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akapendezwa.

Alikusudia kumwambia Milka. Wallahi alikusudia. Lakini wageni wakawahi, chai ikamwagika, wazazi wakataka kusalimiwa, na kukusudia si kusema.

"Milka, inuka," alisema ulipofika wakati, huku amefura kama andazi. "Waonyeshe wageni wetu. Kesho ni Ijumaa. Jitayarishe."

Milka alijongea hadi ukutani, akainua mkono, na mkono ukasimama hewani. Akapitisha kidole. Laini. Akapitisha tena. Laini kote, kama shavu la mtu asiyemjua. Akageuka, akamtazama Wachira. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayemuuliza rafiki yake mlango uko wapi.

Hapo ndipo mtu mzima angesema: ni mimi, nimelibadilisha gunia. Neno moja tu. Lakini wageni walikuwa wanatazama, na ulimi wa Wachira ukakimbilia ulikozoea.

"Haya, Milka! Ama leo vidole umeviacha kwa shangazi vikiosha vyombo?"

Darasa likaangua kicheko. Wazazi wakacheka, wageni wakacheka kidogo kwa adabu. Hata Opondo alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe. Milka akatia mkono katika mfuko wowote, akatoa bukta ya michezo. Kicheko kikapanda. Akaikunja bukta vizuri, pembe kwa pembe, akairudisha mahali pale pale, akatoka nje.

Wachira aliendelea kusema kitu fulani juu ya maendeleo. Baadaye hakukumbuka alisema nini. Alikumbuka tu masikio yake yakiwaka, na Opondo akisimama, akivaa kofia.

"Japuonj, asante. Nimeona."

Yeye na Opondo walimkuta Milka nyuma ya jiko, kapiga magoti kando ya shimo, akilivuta gunia lake kutoka katikati ya maganda ya viazi na majivu. Alikuwa analikung'uta polepole, mfuko kwa mfuko, akihakikisha kila alama iko.

"Nyathina," baba yake alisema kwa upole, "mwanangu, chukua mkoba. Twende nyumbani."

"Mzee, ngoja," Wachira alisema. "Kosa si lake. Hilo gunia ndilo tulilotengeneza naye, na analijua kama kiganja chake. Mimi ndiye niliyelitupa leo asubuhi. Nikaweka lile jeupe lenye maandishi."

"Maandishi? Na unajua maandishi yanamsumbua?"

"Mimi ndiye mwalimu wake. Najua kuliko mtu yeyote."

"Kwa nini sasa?"

"Nililionea haya."

Opondo alimsogelea hatua moja. "Na uliposhuhudia mtoto amekwama, ukasema nini?"

"Nikafanya mzaha."

"Nikiwa nimekaa pale."

"Ukiwa pale."

"Na mimi nikacheka," alisema Opondo, kama anayejisomea hukumu. Akakohoa. "Haya. Leta hivyo vitu."

Wachira alikimbia. Mwalimu mzima, tai imemrukia begani, akapita mbele ya wageni wakinywa soda, akarudi amekumbatia madaftari, bukta, aproni, mikasi na nyuzi. Akavimwaga chini kwa rundo. Milka alilitundika gunia kwenye msumari wa mlango wa jiko. Moshi ulimfanya afumbe macho. Akaokota, akapapasa, akatia. Kifungo, madaftari ya Jumatatu. Mpira wa akala, bukta. Mkaa, aproni. Ushanga, mikasi na nyuzi. Kichwa cha samaki, madaftari ya Ijumaa. Hakukosea, hakuharakisha. Alipomaliza, akarudisha kidole kwenye kichwa cha samaki, akatoa madaftari ya Ijumaa, akayatia mkobani, akafunga zipu.

Mpishi alikuwa ameacha kukoroga. Hakuna aliyepiga makofi.

Opondo alivua kofia, akaikung'uta japo haikuwa na vumbi. "Nimeona," alisema, na safari hii sauti ilikuwa nyingine. "Lakini, Japuonj, nikwambie ukweli. Mwaka ujao anaingia gredi ya saba. Huko kuna watoto wakubwa. Ataingia na gunia lenye kichwa cha samaki? Watamcheka mpaka alie. Afadhali akae na mimi nyumbani, asiaibishwe na mtu."

Wachira, kama vile hakuwa amejifunza kitu mchana ule, akatikisa kichwa kukubali. "Hapo mzee una neno. Labda tungetafuta kitu chenye heshima kidogo, ili watu wasi—"

Milka aliweka mkoba mgongoni, akaliondoa gunia msumarini na kulikunja kwapani, akageukia upande wa darasa.

"Baba, nimeshachekwa leo," alisema. "Na wewe, na Mwalimu. Hao wengine watanifanya nini?"