Dawa Zangu kwa Namba Yake

Binti yangu wa pili anachomelea mageti. Ukimwona na chuma begani utasema huyu moyo wake unaweza kuvuta lori. Sasa kompyuta ya bima ikasema moyo huo ni mbovu.

Ngoja nianze vizuri, maana nikianzia katikati hata mimi napotea. Nyumba tuliyopanga inavunjwa. Wameshapiga alama nyekundu ukutani, mpaka mlango wa choo wameupiga, sijui nao ulikosa nini. Binti akapata vyumba viwili vya kununua kwa mkopo. Benki ikakubali, ila ikataka kwanza awe na bima ya maisha, akifa wao wasihangaike. Akajaza maombi kwenye simu huku anavua buti. Buti la pili halijatoka mguuni, jibu limerudi: amekataliwa. Wala hakuna binadamu aliyeyasoma.

Tukaenda ofisini kwao mimi na yeye. Kijana wa kaunta, mpole, shikamoo yake safi, akatugeuzia kioo cha kompyuta.

"Dada, unanunua dawa za moyo kila mwezi. Muda mrefu sasa."

Dawa zile ni zangu. Mimi nilikuwa mwashi, saruji imenila vidole. Nikienda kusajili laini, mashine inaniambia weka kidole, na kidole nimekiweka. Kwa hiyo sina laini, na duka la dawa pale kwetu bila namba ya simu hawakuuzii. Basi siku zote tunatumia ya binti.

"Mgonjwa ni mimi," nikamwambia kijana. "Nimekuletea ugonjwa wenyewe, ukague." Nikaanza kufungua vifungo vya shati.

Akacheka kidogo, akaacha. "Mzee wangu, nakuamini. Lakini mwamuzi si mimi, ni mtambo, na mtambo unasoma namba tu. Dawa zisipoonekana miezi sita, dada ataomba upya."

"Na daktari akimpima baba, akasema?" binti akauliza.

"Hakuna mahali pa kuyaingiza hayo, dada."

Muuza vyumba alikubali kutungoja hiyo miezi sita, na mimi nilishakata shauri. Dawa zilipokwisha nikanyamaza. Binti akiuliza, nasema zipo, nyingi tu. Kifua kikaanza kubana. Ngazi mbili napumzika kama mjamzito. Nikajipa moyo, miezi sita kitu gani.

Siku moja akanikuta nimekaa chini bafuni, hata kuita siwezi. Akatikisa kopo la dawa. Kimya.

"Baba, tangu lini?"

Nikanyoosha mkono nilichukue kopo, akalivuta.

"Yaani unataka nihamie kule na jeneza?"

Akashika mlango aende duka la dawa. Nikajikaza nikamwambia atumie namba ya jirani.

"Ili na jirani akataliwe?"

Akarudi anahema, simu mkononi inalia: ujumbe wa duka, asante kwa kununua, na jina lake hapo. Akaniwekea kidonge kiganjani.

"Mwanangu, nyumba."

"Meza kwanza, baba."

Nikameza. Akapindua beseni akalikalia, akaniuliza kama namjua mtu yeyote, popote, mwenye chumba cha kupangisha.