Petunia za Chini ya Dirisha

Daktari alisema Enid hafiki Krismasi. Mwenyewe alipoambiwa aliuliza jambo moja tu: petunia, maua yake ya bustani, zitapandwa lini?

"Zile nyekundu," alimwambia Glenys, mke wa mwanawe. "Hapa chini ya dirisha, nizione nikiwa nimelala. Nikishaziona nitakwenda zangu, sitawasumbua tena."

"Nitapanda, mama."

Glenys akangoja zipite mbio kubwa za farasi za Novemba, maana katika mji wetu baridi ya usiku huua miche, na hakuna anayeiamini ardhi kabla ya siku hiyo. Kesho yake akapiga magoti, akachanganya samadi ya kondoo, akapanda miche tuta zima. Mumewe, Russell, akasogeza kitanda cha mama yake hadi kwenye kioo.

Miche ikashika. Ikatoa matumba yaliyosokotwa kama miavuli midogo, na Enid akawa anaamka alfajiri kuyatazama. Asubuhi tumba moja lilipoanza kupasua wekundu, alimwona Glenys akiinama. Kidole gumba na cha shahada vikakutana, tumba likaanguka.

Enid akagonga kioo. "Wewe, unafanya nini?"

"Nanyofoa, mama. Ua la kwanza ukiliacha, mche unarefuka kama fimbo. Ukilitoa, unatawanyika, na Krismasi tuta lote linajaa. Si wewe uliyenifundisha?"

Kweli alimfundisha. Zamani, Glenys alipokuwa mgeni katika nyumba hii, alipanda petunia kwenye vyungu kwa ajili ya ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Asubuhi ya sherehe alikuta hakuna hata ua moja, vimebaki vikonyo, Enid kayanyofoa yote, naye yuko mlangoni na wageni. "Bi harusi wetu ana pupa," aliwaambia akicheka. "Maua kabla ya wakati, mtoto kabla ya wakati." Wageni wakahesabu miezi kimoyomoyo. Siku hiyo Glenys alimnyonyesha mtoto wake katika chumba cha kufulia, mlango ameufunga.

Sasa kila asubuhi alipita na ndoo yake, akinyofoa. Kila asubuhi Enid alitazama, na uso wake ulizidi kupungua juu ya mto.

"Niachie moja," alisema hatimaye. "Moja tu, bi harusi."

"Ukiwa na pupa, mama, utaharibu tuta."

Russell alisikia, chai mkononi. "Glen, muachie basi moja. Utapungukiwa nini?"

"Muulize mama yako mimi nilipungukiwa nini."

Russell hakuuliza. Hakuwahi kuuliza. Jioni hiyo mama yake alimwita, akamwambia akigeuze kitanda.

"Kielekee wapi, mama?"

"Ukutani."

Asubuhi iliyofuata Glenys aliinama penye dirisha, akaona kisogo: nywele nyeupe chache, na shingo nyembamba kama ya mtoto mchanga. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye tumba. Akaviondoa.

Siku ya pili tumba lilifunguka lote, jekundu, pana kama kikombe. Glenys aliingia chumbani na udongo wake magotini, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, limefunguka. Geuka uone. Nitakushika."

Enid aliendelea kuutazama ukuta.

"Liko peke yake?"

"Peke yake. Lakini ni zuri, mama."

"Linyofoe."

"Mama, tafadhali."

"Nani kakufundisha kuacha la kwanza? Toka nje ulinyofoe, na mimi nisikie."

Glenys alitoka. Alisimama juu ya ua lile kitambo kirefu, mikono ndani ya aproni. Kisha akalikata kwa ukucha, na kikonyo kikatoa mlio mdogo sana.

Ndani, Enid alisema, "Naam."

Walimzika kabla ya wiki ile kwisha. Siku ya Krismasi tuta lilikuwa limefurika, wekundu ukamwagika hadi kwenye njia, na watu wakipunguza mwendo wa magari yao barabarani.

"Mama angefurahi," Russell alisema.

Glenys alikuwa akimwagilia, dirisha lile liko mgongoni pake.

"Mama yako angetafuta lililonyauka," alisema, "na angelipata."

Akainama kulitafuta.