Msichana wa Majani ya Viazi

Onesmus anasema shosho yake, yaani bibi yake, ndiye aliyewapelekea Mau Mau dawa msituni. Onesmus ni dereva wa nyumba ya jirani hapa mtaani Al-Safa, nchi ya Waarabu tulikokuja kutafuta kazi, na kwetu Kenya tunatoka kijiji kimoja. Asubuhi yeye huosha gari, mimi napiga mazulia vumbi, basi hadithi zinaruka ukuta.

"Miaka kumi na minne tu!" akasema. "Dawa chini kikapuni, juu majani ya viazi vitamu. Homugadi, askari mweusi wa Mzungu, akamsimamisha. Akamjibu, haya ni ya mbuzi. Homugadi akampiga kitako cha bunduki hapa nyuma ya sikio, na kikapu hakukiachilia!"

Nikasimamisha fimbo. "Marehemu Shosho Miriam alikuwa na kovu nyuma ya sikio?"

"Kovu gani? Yule alizikwa na ngozi ya bibi harusi."

"Wangu analo. Husema ni teke la ng'ombe."

Onesmus akacheka hadi akajimwagia maji. "Sasa kila shosho alikuwa Mau Mau! Wewe piga zulia."

"Lakini alikwambia 'ni mimi'?"

Akafunga mfereji. Kumbe Miriam alikuwa akisema "msichana mmoja". Siku zote, msichana mmoja. Waliokula kiapo hawakutajana majina, hata uhuru ulipokuja, na Onesmus kwa kupenda sifa akajazia jina mwenyewe.

"Ala! Na kesho jina la Shosho linachongwa kwenye jiwe la kanisa, la kuwakumbuka vijana wa vita. Anko Lawrence ndiye fundi."

"Mpigie."

"Nimwambie nini, teke la ng'ombe? Shosho yako aseme mwenyewe leo, nami nampigia anko saa hiyo hiyo. Haki ya Mungu."

"Yalla!" madam akaniita. Nikaosha vyombo, nikapiga pasi kanzu tatu za bosi, ndipo nikapiga simu. Shosho yangu, Eddah, akauliza kama nakula, kama joto limepungua. Akanisimulia mbuzi wake aliyetafuna kitambaa cha madhabahu mbele ya padri. Nikacheka, nikamwacha amalize.

"Shosho, yule msichana wa majani ya viazi. Kesho wanamchonga kwa jina la Miriam."

Nikasikia kuku, kisha kifuniko cha sufuria kikirudishwa taratibu.

"Kama ni wewe, niambie tu ndiyo. Shosho? Sema ndiyo."

Kuku tena. Kiapo kilikuwa bado kinamshika, lakini simu hakuikata.