Mauzo ya Miteja

Yassini alifungua kufuli, akausukuma mlango kwa bega, kisha akasogea pembeni ili Moza aone mwenyewe. Chumba kilikuwa kimejaa maboksi kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Kila boksi lilikuwa na picha ya mlima na neno RONDO kwa herufi nyekundu. Yale ya chini yalikuwa yamelowa na kubonyea.

"Hizi ndizo redio ulizonunua?" Moza aliuliza.

"Nani kanunua, dada yangu? Mimi nimewekewa. Bwana Sixbert alikuja na lori mwezi wa Novemba, akasema nisaini kwamba nimepokea mzigo, nikiuza nimpelekee hela. Alileta mia mbili na kumi na mbili. Nimeuza nne."

"Nne tu?"

"Kijiji cha Miteja ndicho hiki unachokiona. Hata ningeuza kumi ningeshukuru."

Moza alikaa juu ya boksi moja na kufungua mkoba wake. Alikuwa ametumwa na kampuni ya Rondo kutoka Lindi, safari ya siku mbili juu ya malori, kuja kuchukua saini ya Yassini kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo ilisema kwamba wakala wa Miteja amenunua redio mia mbili na kumi na mbili katika mwaka 1993 na kwamba anadaiwa thamani yake yote. Kwenye leja ya kampuni redio hizo zilikuwa zimeshaandikwa kuwa zimeuzwa, na faida yake imeshajumlishwa.

Yassini aliisoma karatasi mara mbili. "Nikisaini hapa, deni hili ni langu?"

"Ni lako."

Alimrudishia karatasi, akangoja Moza atoke, akafunga mlango.

Kampuni ya Redio za Rondo ilianzishwa mwaka 1986 na Mzee Dadi, fundi redio wa Lindi mjini. Kabla ya hapo redio mpya ilikuwa kitu cha kusikia kwamba fulani anayo. Serikali ilipoanza kulegeza masharti, na mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa, Mzee Dadi alimwandikia shemeji yake aliyekuwa Maskati, naye akamtumia vipuri kwenye masanduku ya tende. Maseremala wa Kimakonde walimchongea makasha ya mvule ya kuwekea vipuri hivyo. Katika ghala la zamani la korosho karibu na bandari, watu wanne walikaa kwenye benchi moja kuunganisha nyaya. Moza alikuwa wa tano. Alikuwa ametoka shule mwaka uleule, akapewa ufunguo wa ghala na daftari la kuandika kinachoingia na kinachotoka.

Mwaka wa kwanza waliuza redio mia tatu na kumi. Mwaka 1990 waliuza elfu mbili na mia tisa, na watu wa Nachingwea na Newala walikuwa wakiweka majina kwenye orodha ya kusubiri. Mzee Dadi alikuwa ameuza hisa ili apate mtaji, na Moza ndiye aliyezunguka vijijini kuzinadi. Huko Kilangala alimkuta Mama Emerensiana, mjane mwenye mikorosho, akamwashia redio uwanjani. Mama Emerensiana alisikiliza taarifa ya habari hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na fedha za hisa ishirini. Miaka mitatu mfululizo alipata gawio, na kwa gawio hilo aliezeka kwa bati nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe pale Mikumbi, Lindi mjini.

Kisha mipaka ikafunguliwa zaidi. Mwaka 1992 redio kaseti za plastiki kutoka ng'ambo zilianza kupangwa chini sokoni, nyekundu na za bluu, nyepesi, zinapiga na kanda. Bei yake ilikuwa theluthi ya bei ya Rondo. Kila mtu pale kiwandani aliona, lakini Sixbert, mpwa wa Mzee Dadi aliyesomea biashara Dar es Salaam na sasa ndiye meneja, alisema soko limetetereka kidogo tu. Kila mwisho wa mwezi malori yaliendelea kuondoka yamejaa, na Moza aliendelea kusaini getini kwamba mzigo umetoka. Hakuwahi kuuliza unakwenda kufanya nini huko uendako.

Siku aliyofika Miteja ilikuwa Jumatano. Jumamosi kulikuwa na mkutano mkuu wa wanahisa. Wangesomewa faida ya milioni nne, kisha wangeombwa kukubali mkopo wa milioni ishirini na tano kwa ajili ya mashine za kutengeneza redio kaseti. Benki ilitaka dhamana, na wanahisa kumi na wawili wenye hati za nyumba walikuwa wameshaombwa kuzileta. Mmoja wao alikuwa Mama Emerensiana.

Moza alirudi Lindi kwa lori la chumvi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na karibu na Mbwemkuru lori lilizama kwenye tope hadi ekseli, wakapoteza siku nzima. Moza alikaa mbele amekumbatia mkoba, akihesabu saa. Ijumaa mchana alishuka Lindi, na kabla ya kwenda nyumbani aliingia posta akampigia simu wakala wa Nachingwea. Zimebaki ngapi? Mia tatu na tisini. Akampigia wa Masasi. Mia mbili na themanini, alijibiwa, na lini mnakuja kuzichukua?

Sixbert alikuwa ofisini, kola imelegezwa.

"Saini umeipata?"

"Hakusaini. Redio ziko ndani kwake, Bwana Sixbert. Na za Nachingwea. Na za Masasi."

Sixbert alisimama, akafunga mlango taratibu. "Mwandiko wa Yassini unaujua. Andika jina lake."

"Siandiki."

"Sikiliza, dada Moza. Wakala akishapokea mzigo, mimi nahesabu nimeuza. Ni utaratibu tu. Tukipata mashine, mwakani tunalipia kila kitu na hakuna atakayekumbuka."

"Na tusipolipia? Nyumba za watu?"

Sixbert aliegemea mlango. "Hati za getini zina saini ya nani? Kila mwezi, tangu mwaka juzi? Ukifungua mdomo kesho, wa kwanza kwenda polisi ni wewe. Mimi nitasema niliandika kwa kufuata karatasi za ghala."

Moza alitoka nje. Kilichomuumiza ni kwamba kuhusu saini Sixbert hakudanganya.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla watu hawajafika, alimkuta Mzee Dadi kwenye benchi lake amevaa kanzu tayari kwa mkutano, lakini mkononi ameshika koleo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama?"

Moza alimweleza yote kwa sauti ya chini. Mzee Dadi hakumkatiza. Aliposikia idadi ya Nachingwea alifumba macho.

"Nilijua haziendi," alisema mwishowe. "Sikujua ni nyingi hivyo. Moza, hapa kuna wafanyakazi kumi na tisa. Tuache wapitishe mkopo kwanza."

"Na nyumba ya Mama Emerensiana?"

Mzee Dadi aliweka koleo chini, akageukia dirishani. 

Ukumbi ulijaa. Wanahisa walikuwa wamepanda magari alfajiri kutoka vijijini, wengine na vyakula vyao kwenye vitambaa. Sixbert alisoma taarifa vizuri, kwa sauti ya kutulia: redio elfu mbili mia tatu na kumi zimeuzwa, faida milioni nne. Walipiga makofi. Kisha karatasi za dhamana zikawekwa mezani, na watu wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Wa kwanza alisaini. Wa pili akasaini. Wa tatu alikuwa Mama Emerensiana. Alivaa miwani, akachukua kalamu, akauliza asaini wapi.

"Mama, usisaini," Moza alisema.

Alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Ukumbi mzima ulimgeukia.

"Redio zilizosomwa hapa hazijauzwa. Nimetoka Miteja juzi, nimeziona kwa macho yangu. Mia mbili na nane ziko kwenye chumba cha wakala. Nachingwea ziko mia tatu na tisini. Masasi mia mbili na themanini. Hizo ni sehemu tatu tu, sehemu nyingine sikuuliza. Getini nilisaini mimi kwamba zimetoka. Zimetoka kweli. Hazijanunuliwa."

Kelele zilipanda. Sixbert alipiga meza. "Huyu amelipwa! Waulizeni wauza plastiki sokoni wamempa kiasi gani!" Mtu mmoja nyuma alipiga kelele kwamba atolewe nje, na mwanamume mmoja akamshika Moza mkono kweli, akaanza kumvuta.

Mama Emerensiana alikuwa bado ameshika kalamu. Hakumtazama Moza wala Sixbert.

"Mzee Dadi," aliita. "Wewe ndiye mwenye kampuni. Redio ziko wapi?"

Yule aliyemshika Moza akaacha kuvuta. Mzee Dadi aliinuka kwa kushika meza. 

"Alivyosema ndivyo," alisema. "Mwacheni huyo mtoto."

Mkopo haukupita. Wale wawili waliokuwa wamesaini walichana karatasi zao palepale. Sixbert alitoka kwa mlango wa nyuma, na wiki iliyofuata alikuwa Dar es Salaam. Polisi walimwita Moza mara tatu, wakamhoji kuhusu zile hati za getini, wakachukua nakala, kisha hawakumwita tena.

Redio zilikusanywa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Fedha iliyopatikana ililipa mishahara ya miezi miwili na sehemu ya deni la vipuri. Mwezi wa Septemba ghala lilirudishwa kwa mwenye jengo. Hisa hazikuwa na thamani tena, na kwa wengi lawama zilimwangukia Moza. Mke wa fundi mmoja alimwambia dukani, mbele za watu, kwamba angenyamaza mwaka mmoja tu watoto wake wangekuwa bado shuleni.  Moza alilipia chumvi yake, akatoka.

Mzee Dadi alirudia ufundi barazani kwake. Hakumlaumu, lakini hakumwita tena mwanangu.

Desemba, msimu wa korosho ulipokuwa unaisha, Moza alipanda gari kwenda Kilangala. Alikuwa ameogopa safari hiyo kwa miezi mingi. Alimkuta Mama Emerensiana akianika korosho kwenye mkeka, akamsalimu, akaanza maneno aliyokuwa ameyapanga kuhusu zile hisa ishirini.

"Hela ile imekwenda," Mama Emerensiana alimkatiza. "Nililia, sikufichi. Nilikutukana pia."

"Najua, mama."

"Wapangaji wa ile nyumba yangu ya Mikumbi wamelipa kodi jana." Alisogea, akampisha nafasi upande mmoja wa mkeka. "Kaa unisaidie kuchambua, mbovu weka huku."

Moza alivua viatu, akakaa.