Masikio ya Kinyozi

Mluzi ulianza kabla jogoo hajafikiria kuwika. Ulikuwa mwembamba kama wa mbu mbishi, na ulitoka kabatini, ndani ya bakuli la bati ambamo mume wangu huweka vifaa vyake vya masikio kila anapolala. Alikuwa amesahau kuvizima. Nyumba nzima ilikuwa inausikia isipokuwa mwenye mali. Yeye alikuwa ameshaketi ukingoni mwa kitanda, anatafuta kandambili kwa vidole vya mguu.

Nikainuka, nikavizima. Aliponiona nimevishika akauliza kwa sauti ya kuamsha majirani, maana siku hizi hana kipimo cha sauti yake, "Vilikuwa vinalia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Afadhali vyenyewe vina la kusema," akasema, akatoka kwenda kuzunguka uani.

Kuzunguka ndiyo ilikuwa kazi yake mpya. Ya zamani ni unyozi. Chumba chetu cha mbele ndicho chumba chake cha kazi: kiti kinachozunguka, kioo kikubwa, rafu ya mashine na vitana. Watu walikuja kunyolewa, lakini wengi wao walikuja kusema. Masikio yalipoanza kuchoka, fundi wa masikio pale zahanati alimpa vile vifaa viwili, akavipanga kwa kompyuta, kila sikio kwa udhaifu wake. Mzee akarudi kwenye mazungumzo kama mtu aliyerudi safarini.

Halafu vikaharibika, vikapelekwa kutengenezwa, vikarudi vimesahau kila kitu. Kuvipanga upya kulihitaji programu ya fundi, na kompyuta ya fundi ilikuwa imekufa. Aliletewa mpya, nzuri, nyembamba, programu ikaikataa. Programu yenyewe ilikuwa ya zamani, na bila mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta haikubali kuamka. Waliotengeneza vile vifaa nao walishafunga biashara.

Mume wangu akaendelea kunyoa hivyo hivyo, akiitikia asichokisikia. Ndiyo, ndiyo. Siku moja akaja kijana anayetarajia kuoa, akaomba apunguzwe pembeni tu. Ndiyo, ndiyo, akasema mzee, akamtoa upara kama yai. Yule kijana wa watu hakumtukana. Alijitazama kwenye kioo, akameza mate, akasema, "Asante, baba. Kumbe kichwa changu kina umbo zuri." Mzee aliyasoma maneno hayo midomoni mwake, na wema ule ndio uliomvunja kabisa. Jioni ile alifunika kiti kwa shuka.

Tangu hapo akawa hana pa kuuweka mwili. Anakaa, anasimama. Anafungua dirisha, analifunga. Kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwanetu mkubwa alikuwa ameshapata mtu wa kukichukua kile kiti, na mzee alipoulizwa aliitikia. Ndiyo, ndiyo. Sikujua hata kama alikuwa amesikia swali.

Nikaona hapana, nikamwita Bisibisi.

Bisibisi ni binti wa binti yetu, mwanamke mzima sasa, fundi wa kompyuta mji wa pili. Jina hilo alipewa na babu yake siku alipoifungua saa ya ukutani, akaifunga, akabaki na skrubu moja mkononi, na saa ikaendelea kutembea. Asubuhi ile alishuka garini amebeba kompyuta yake mwenyewe ya mezani, mpya, ameifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga. Alikuwa amepitia kwa fundi wa masikio, ambaye alimkabidhi diski ya programu, kisanduku cha kuunganishia pamoja na nyaya zake, na vipimo vya masikio ya mzee.

"Amesema nikifanikiwa nimwonyeshe na yeye njia," akasema. "Ana wazee wengine wanaosubiri."

"Karibu, mke mwenzangu," nikamwambia. "Mumeo yuko uani anakagua ukuta."

"Mume gani huyo, hata kunipokea mzigo hawezi?"

Akacheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa. Alikuwa na ruhusa ya siku hiyo tu, na gari la mwisho la kurudi huondoka jioni.

Akasogeza vitana, akapanga vitu vyake juu ya rafu. Nilimuuliza kwa nini asiiweke tu programu kwenye kompyuta ilivyo. Akanieleza bila kunifanya mjinga. Mfumo ndio unaoiamsha kompyuta na kuiambia hiki ni kioo, hii ni kibodi. Kule kwa fundi alikuwa ameshajaribu kuuweka mfumo wa zamani ndani ya ule mpya, kama mimba, lakini kisanduku cha fundi hakikuonekana huko ndani. Sasa ilibidi kompyuta yenyewe ikubali kuishi kizamani, moja kwa moja.

"Kama kumwoza msichana wa leo kwa mzee wa jana," nikasema.

"Bibi! Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa msichana wa jana vilevile. Endelea na kazi."

Kompyuta ilikataa. Kwanza ilisema haiuamini mfumo ule. Bisibisi akaingia kwenye mipangilio yake, akazima ulinzi mmoja, akawasha ruhusa ya mambo ya kizamani. Kisha mfumo nao ukasema hauoni diski ya kukalia. Diski ilikuwepo, nyembamba kama kipande cha chingamu, lakini mfumo ule haujawahi kukutana na kitu cha namna hiyo. Akafungua kasha, akafunga diski ya zamani aliyokuja nayo, nzito kama mche wa sabuni. Ikaonekana.

Mzee aliingia, akatazama, akatoka. Akaingia tena, akakaza skrubu ya bawaba ambayo haikuwa na kosa lolote. Nami sikuwa na nafuu. Nilikuwa nachemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Halafu maandishi yakatokea: chagua lugha. Bisibisi akabonyeza. Kimya. Akasogeza kipanya, kishale hakikutikisika. Akajaribu tundu la mbele, la nyuma, la pembeni.

"Nini tena?" nikauliza.

"Mfumo huu ni mkongwe kuliko matundu haya, Bibi. Haujui kama nina kibodi. Unaniuliza swali, na jibu langu hausikii."

Bila kukusudia, sote wawili tulimtazama mzee. Alikuwa amesimama mlangoni, anatutazama midomo.

"Nyuma hapa kuna tundu la duara," akasema Bisibisi. "Hilo ni la kibodi za kale, hilo mfumo ungelijua. Lakini kibodi yenyewe niitoe wapi? Watu walishazitupa. Nimebeba kila kitu, hiyo nikaisahau." Akakaa chini sakafuni, mikono kichwani.

Nikavaa viatu. Ng'ambo ya barabara kuna mwanamke anayechapa barua na kutoa nakala. Mtaa mzima tunamwita Mama Nakala. Kibodi yake imefutika herufi zote, anachapa kwa kukumbuka. Alikuwa na foleni mpaka nje. Nikamvuta pembeni, nikamweleza. Hakuuliza la pili. Akainama chini ya meza, akachomoa waya, na ncha yake ilikuwa ya duara.

"Jamani, na sisi?" akalalamika mtu wa foleni.

"Nyinyi mna masikio, pigeni soga!" Kwangu akasema, "Mwambie mzee, mume wangu anarudi nyumbani na kichwa kama kichaka. Afanye haraka."

Ile kibodi ikachomekwa. Taa yake ya kijani ikawaka, lugha ikachaguliwa, na Bisibisi akapiga kelele iliyomtoa paka chini ya kabati. Mfumo ukaanza kujipanga, pole pole kama mgeni anayetoa nguo sandukuni.

"Sasa madereva," akasema.

"Madereva wa nini?"

"Kila kifaa kina dereva wake, Bibi. Bila dereva hakiendi."

"Na abiria?"

"Abiria ni Babu."

Madereva walipoingia, kibodi yake mwenyewe ikaanza kufanya kazi. Nikakimbia kurudisha ile nyingine, pamoja na birika zima la ile chai, na foleni yote ikanywa.

Tukamketisha mzee kwenye kiti chake. Shuka nililitoa mimi; yeye alitazama pembeni. Bisibisi akamvalisha vifaa, nyaya zikaning'inia mabegani mwake, kisanduku kikawaka. Akaingiza vipimo, sikio baada ya sikio, kisha akabonyeza ili vihifadhiwe. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa. Akamwonyesha babu yake kiganja: tulia. Ndiyo, ndiyo, akaitikia mzee.

Kisha Bisibisi akainama kutafuta simu yake mkobani. Nilimwona mzee akiinuka ghafla, akikaa ghafla, mkono wake ukishughulika nyuma ya sikio. Nikadhani anajikuna. Mstari ulifika mwisho, nyaya zikatolewa.

"Babu, unasikia?"

"Nasikia! Vizuri kabisa!"

Bisibisi akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena. Akaanza kufunga mizigo huku anaimba. Blanketi likatandikwa, kompyuta ikalazwa ndani. Gari lilikuwa karibu.

Lakini mimi nimeishi na mtu huyu. Niliona anavyoushika mkono wa kiti, kama aliyeko kwenye ukingo wa shimo. Niliona macho yake hayatoki kwenye midomo ya mtoto. Na yule mtoto jinsi alivyokuwa na furaha! Nikasema moyoni, mwache aende. Neno langu lingewaumiza wote wawili. Nikafika jikoni, nikarudi. Nikashika mlango, nikauachia. Nikafikiria kiti kile kikitolewa mlangoni na watu wasiojua hata kinavyozungushwa.

Nikapiga moyo konde. Nikasimama nyuma yake, na kwa sababu ya kile kioo, nikafunika mdomo kwa taulo kama ninayepangusa jasho.

"Mume wangu," nikasema kwa sauti ya kawaida, "nimeamua kuolewa na muuza mkaa. Kesho nahama."

"Ndiyo, ndiyo," akasema mzee. "Ni jambo jema sana."

Bisibisi alicheka kwanza. Kisha kicheko kikamkauka. Akaja akapiga magoti mbele ya kiti ili aonekane vizuri. "Babu. Umenidanganya?"

Mzee akatazama mikono yake. "Niliona mtu kwenye kioo, kasimama mlangoni. Mteja akija nasimama, ndivyo nilivyozoea. Waya ukachomoka, nikaurudisha. Umehangaika tangu asubuhi, mke wangu mdogo. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia hapana! Sikuja ufurahie kompyuta yangu. Nimekuja unisikie!"

Alikuwa analia, na mikono yake ilikuwa tayari inafungua blanketi.

Programu ikasema haikitambui kifaa cha kushoto. Akazima, akawasha. Kioo cha kompyuta kikageuka bluu chote, maandishi meupe juu yake. Nje gari lilipiga honi stendi. Bisibisi hakugeuka. Akawasha tena, akapangusa ncha za waya kwa pindo la blauzi, akachomeka, akangoja. Kifaa kikatambulika.

Safari hii nilikaa mbele ya mzee, nikamshika magoti yote mawili kama mama anayempeleka mtoto kuchanjwa. Miguu yake ilitaka kwenda, nikaikandamiza. Mstari ulitambaa, ukafika, na Bisibisi akaendelea kungoja muda mrefu baada ya kufika. Ndipo akatoa nyaya, moja moja.

Hakuna aliyeuliza kitu. Tuliogopa ile ndiyo.

Mzee akainamisha kichwa upande mmoja. Akakunja uso. "Hiyo feni ya kompyuta," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, "inalia hivyo siku zote?"

Akaendelea kusikiliza, uso bado kwenye kioo.

"Mke wangu mdogo, mbona unapumua kama uliyepanda mlima?"

Bisibisi alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni. Hakuwa amesema neno. Akakaa pale pale sakafuni kwa mara ya pili, na safari hii nikakaa naye.

Sikio la kulia bado lilikuwa linavuma kidogo, mzee alisema, kama redio iliyo kati ya stesheni mbili. Alilisema mwenyewe, bila kuulizwa. Kisha akaniambia nimpigie mwanetu simu, nimwambie kiti hakiendi popote.

Gari la mwisho lilikuwa bado linajaza abiria tulipolifikia. Mzee ndiye aliyebeba kompyuta, kaikumbatia kifuani na blanketi lake, na njia nzima aliitikia salamu za watu, nyingine hata zisizokuwa zake. Alimkabidhi Bisibisi mzigo dirishani.

"Sikio la kulia likisumbua nipigie, Babu. Nitakuja kulirekebisha."

"Na lisiposumbua?"

"Basi utakuwa mzima."

"Mimi sijui mambo ya kuwa mzima," akasema mzee, mkono wake ukiwa bado juu ya blanketi. "Uje tena. Njoo tu tukae."