Waya wa Mlango wa Kushoto

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, saa tatu na robo asubuhi, mvua ya rasharasha ikigonga bati, dereva mstaafu wa zimamoto aliyeitwa Ngazi kwa urefu wake alikuwa ameshika kibano, akifunga waya mwembamba kama unywele kwenye mlango wa gari la zimamoto lililotosha kukaa juu ya trei ya chai.

Miezi mitano alikuwa akiliunda. Boksi lilikuja na vipande mia tatu na kumi na viwili vya plastiki. Alivikata kimoja kimoja, akavipiga msasa, akavipaka rangi, akaviunganisha kwa gundi. Magurudumu yalizunguka, ngazi ilinyanyuka. Jumatatu kituo kipya kingefunguliwa, na gari hilo, mfano halisi wa lile aliloendesha miaka kumi na tisa, lingewekwa katika kabati la kioo mapokezi.

Mkuu wa kituo, kaka wa mkewe, aliingia akikung'uta mwavuli.

"Shemeji, kazi hii ni ya mtu na nusu!" Kisha akainama. "Na waya huu?"

"Waya kama huu ndio uliofunga mlango wa kushoto, wa mipira ya maji, kwenye gari lenyewe."

"Utoe."

"Sitoi."

Miaka minne iliyopita, komeo la mlango ule lilikuwa limevunjika, ukafungwa kwa waya wiki sita. Kituoni walikuwa na mazoea yao: injini ikiwaka na king'ora kikilia, kila mstari wa fomu ya ukaguzi unaandikwa "sawa". Ngazi mwenyewe aliandika "sawa" asubuhi arobaini na moja. Siku karakana ya useremala iliposhika moto, alihangaika na koleo dakika nne kabla ya kuufikia mpira. Seremala hakutoka. Ripoti ya mkuu ikalaumu foleni barabarani.

"Wageni rasmi wanakuja na kamera. Unataka waulize?"

"Ndicho hasa ninachotaka."

"Kaka," mkewe Ngazi akadakia kutoka jikoni, "mbona kijiwaya hiki kinakutoa jasho kuliko moto wenyewe?"

"Dada, haya ni ya wanaume."

"Ya wanaume, sawa. Ila meza ni yangu, usiipige ngumi."

Mkuu akashusha sauti. "Uchunguzi ulipoanza, nani alikuficha? Zile 'sawa' zote zilikuwa mwandiko wako. Fomu nilizichoma mimi. Ukastaafu kwa heshima, ukakatiwa keki. Leo nalidai deni langu, Shemeji. Toa waya."

Damu ilimchemka Ngazi, na kilichomchemsha zaidi ni kwamba kila neno lilikuwa kweli. Miaka minne alikuwa akipishana na mjane wa seremala njiani, akimwamkia kama mtu mwema.

"Ulinificha, nami nikakubali kama mwoga," alisema, akisimama hadi kichwa kikakaribia taa. "Na wewe ukapata mgongo wangu wa kujifichia. Maombi ya komeo jipya yalilala mezani kwako wiki zote sita."

"Basi takataka hii haitaingia kituoni."

"Isiingie. Naipeleka kwa mjane leo hii, nimweleze kila 'sawa' niliyoandika, na kila fomu uliyochoma."

Mkuu akanyoosha kidole kuuelekea mlango mdogo. Ngazi akamdaka kiwiko.

"Ukiugusa, nasahau kwamba tumeoleana."

Mkuu akauvuta mkono wake, akaokota mwavuli. Mlangoni akageuka, macho mekundu.

"Na deni langu?"

"Silipi."