Siku ya Dillon Kuchagua

Katika ukoo wa Tidwell, kijana akifikisha miaka ishirini na moja anapelekwa dukani kwa Pruitt kuchagua bastola yake ya kwanza, na mzazi anayempeleka hafungui mdomo. Hiyo ndiyo kanuni. Mzazi anasimama nyuma, mikono mifukoni, mpaka mtoto amalize. Hashauri wala hakohoi. Aliyeitunga ni babu yake Royce, mzee mmoja mkaidi ambaye nusu ya kaunti ile ya milimani Arkansas ilimwogopa na nusu ilimdai, na tangu afe hakuna aliyethubutu kuigusa. Mji mzima unaijua. Watu wengine huja dukani siku hiyo kwa ajili tu ya kumwona Tidwell amenyamaza, maana ni watu wa maneno mengi.

Royce alikuwa ameingoja siku ya mwanawe Dillon tangu mtoto ana meno ya utotoni. Mwaka huu aliingoja zaidi. Majira yaliyopita ya kupukutika majani, yule binti ambaye Dillon alikuwa amuoe alirudisha pete, na haukupita muda kiwanda cha mbao kikapunguza watu, Dillon akiwa wa kwanza. Sasa alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ya magurudumu kando ya barabara ya zamani, amekonda, na ukimuuliza habari anakujibu "Niko sawa" kwa sauti ileile, uwe umemuuliza kuhusu afya au kuhusu mvua.

"Mtoto halali, Royce," mkewe Glenda alimwambia asubuhi hiyo, akikanda unga wa keki. "Nilipita kwake juzi. Sahani zote chafu, pazia zimefungwa mchana kweupe. Kuna daktari pale mjini, wa mambo ya mawazo. Mpeleke."

"Leo ni siku yake, Glenda. Ngoja ashike kitu chake mwenyewe mkononi. Utaona anavyochangamka."

"Na asipochangamka?"

"We mama nawe. Mimi nilikuwa na miaka yake, nikaachwa na wanawake wawili mwaka mmoja. Nilikufa?"

Glenda aligeukia unga wake, na Royce akachukua hilo kuwa ameshinda. Alikuwa fundi wa matrekta, mtu wa kufungua kitu, kuona kilichovunjika, na kukifunga kikiwa kizima. Mambo ya mwanawe yalimshinda kuyafungua, basi akashika lile alilolijua.

Walipofika, Butch Pruitt alikuwa ameshafuta vioo vya kaunta na kuvaa shati safi. Mzee Odom, ambaye hana shughuli na hana haya, alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni na kikombe cha kahawa.

"Ehee, mabubu wamefika," alisema. "Royce, leo tutapumzika kidogo masikio."

Royce akacheka, akajibana midomo kwa vidole viwili kuwaonyesha kwamba kanuni imeanza, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu ya makoti. Alikuwa na furaha kweli. Alikumbuka siku yake mwenyewe, jinsi alivyozishika zote mara tatu tatu, akazinusa mafuta, akabishana na marehemu baba wa Butch, mwenye duka wa wakati huo, kuhusu kifaa cha kulengea mpaka mzee akamtishia kumfukuza. Dada yake Wanda ndiye aliyevunja rekodi: alichagua mpaka duka likafungwa, akarudi kesho yake.

"Haya, kijana wangu," Butch alisema, akipanga bastola juu ya kitambaa cha kijani. "Hii ya silinda, imara, haikwami kamwe. Hii ya magazini, kile kikasha cha risasi, nyepesi, vijana wengi wanaipenda. Hii hapa ni ya chuma kitupu, nzito, lakini ukiizoea hutaiacha. Shika uone."

Alifungua ile ya magazini, akaonyesha kuwa haina risasi, akaifunga, akampa.

Dillon aliipokea na kuitazama.

Hapo Royce aliacha kutabasamu. Kwao, ukipewa bunduki unaifungua mwenyewe uone kama ina risasi, hata kama aliyekupa ameifungua mbele ya macho yako, hata kama aliyekupa ni mchungaji wa kanisa. Dillon alifundishwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na hakuwahi kusahau. Mkono wake ulikuwa ukifanya wenyewe. Leo mkono haukufanya. Alisimama nayo tu, kama mtu aliyepewa mzigo wa mwingine amshikie.

"Furaha imempanda kichwani," Butch alisema kwa upole, akamfungulia mwenyewe. Mzee Odom akacheka.

Ni furaha, Royce akajiambia. Mtoto ana wasiwasi, watu wanamtazama.

"Hii inatosha," Dillon alisema.

"Inatosha? Hujashika nyingine hata moja."

"Hii inatosha, mzee Pruitt. Asante."

"Basi twende kule nyuma upige risasi mbili tatu. Nimekuwekea shabaha mpya."

"Hapana, si lazima."

Butch alimtupia Royce jicho, kama kumuuliza huyu mwanao vipi. Hajawahi kuwako Tidwell aliyekataa kupiga shabaha. Mzee Odom naye aliacha kikombe hewani.

"Mkoba wake wa kiunoni? Nina mmoja wa ngozi, umeshonwa hapahapa."

"Hapana."

"Vifaa vya kusafishia?"

"Hapana, asante."

"Magazini ya ziada je? Maana moja haitoshi, mwanangu, siku ikipotea..."

"Hapana."

Dillon aliomba risasi, boksi dogo kabisa lililokuwapo.

Royce alikuwa bado amejibandika kwenye makoti. Alijaribu kutafuta sababu, na kila aliyoipata haikukaa. Mtoto hana hela. Lakini leo analipa baba, na mtoto anajua. Mtoto ana haraka. Ya kwenda wapi? Kisha akaona, na alipoona hakuweza tena kutoona: kila kitu ambacho Dillon alikuwa amekataa kilikuwa cha kesho. Mkoba wa kutembea nao kesho, mafuta ya kuisafishia wiki ijayo, shabaha ya kujifunzia ili mwakani awe hodari. Mwanawe alikuwa ananunua kitu cha kutumia mara moja.

Akatoka kwenye makoti, akapiga hatua kuelekea kaunta.

"Dillon," alisema.

Butch akainua kidole juu. "Aa-aa. Royce. Kanuni."

"Kashindwa!" Mzee Odom alipiga paja lake. "Nilijua huyu hafiki mwisho. Baba yake alikaa kimya siku nzima kwa Wanda, huyu nusu saa imemshinda. Rudi kwenye makoti, bwana."

Dillon aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa muda, amemkazia macho, na Royce akaona kuwa anangojewa. Lakini angesema nini? Angesema, Butch, usimuuzie mwanangu, nadhani anataka kufa? Mbele ya Odom, ambaye kabla ya chakula cha mchana angekuwa ameipeleka habari hiyo kila kibaraza? Na kama amekosea? Kama kijana amechoka tu, na baba yake amemvua nguo mbele ya watu siku yake ya kuzaliwa? Aibu ilimshika, aibu ya kipumbavu kabisa, na wakati anahangaika nayo Odom bado anacheka, Dillon aligeukia tena kaunta.

Royce akarudi kwenye makoti. Mwenyewe, kwa miguu yake.

Dillon alijaza fomu ya serikali amesimama. Fomu ilimuuliza kama amewahi kufungwa, kama anatumia dawa za kulevya, kama mahakama imewahi kumwona hana akili timamu. Haikumuuliza kama analala. Butch akapiga simu serikalini wamwangalie rekodi zake, akasubiri simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, akipiga miluzi.

Royce, ambaye maisha yake yote alikuwa ameilaani serikali kwa kuingilia mambo ya watu, alisimama pale akiiomba imwingilie. Wapate kosa. Wapate mtu mwingine mwenye jina hilohilo, mwizi, muuaji, yeyote. Wachelewe tu siku tatu. Hajawahi kuomba hivyo hata kanisani.

"Safi kabisa," Butch alisema, akiweka simu chini. "Kijana hana hata doa. Hongera, mwanangu. Royce, sasa unaweza kuongea, usije ukapasuka."

Royce alilipa. Alihesabu noti mara mbili akakosea, Butch akadhani ni mambo ya mzazi, akampigapiga begani.

Ndani ya pikapu, Dillon aliweka kiboksi juu ya magoti. Royce aliwasha gari, akaondoka taratibu. Walipita benki, wakapita kanisa la Wabaptisti, wakatoka mjini. Miti ya milimani ilikuwa bado haijaanza kuchipua. Kisha akasimamisha gari pembeni, mbele ya geti la shamba la mtu, kwa sababu alijua hawezi kulisema huku anaendesha.

"Dillon. Unataka kujiua?"

Alikuwa ametegemea kelele. Alitegemea, na moyoni aliomba, kwamba mtoto atamgeukia kwa hasira amwambie baba umerukwa na akili. Dillon alitazama geti.

"Sijui," alisema. "Siku nyingine nataka. Leo asubuhi nilitaka."

"Na mimi nikaja kukuchukua."

"Ukaja ukapiga honi."

Royce aliegemeza kichwa kwenye usukani.

"Pale ndani nilikuangalia," Dillon alisema. Hakuwa analaumu; alikuwa anaeleza tu. "Uliposogea nikajua umeona. Nikasema, sasa baba atasema kitu. Nilikusubiri useme."

"Mwanangu, ile kanuni..."

Sentensi ilimfia mdomoni. Aliisikia jinsi ilivyo, na akaona haya kuimalizia.

"Nipe hiyo," alisema badala yake.

Dillon akampa. Hakubisha hata kidogo. Alimwekea mapajani kama unavyompa mtu pakiti ya chumvi mezani. Royce aliifungia kwenye sanduku la vifaa nyuma ya gari, akarudi, akakaa, na kwa muda mfupi sana alihisi kama mtu aliyemaliza kazi.

"Kaunti hii ina maduka mangapi ya bunduki, baba?"

Royce alimtazama. Mtoto hakuwa anamtisha. Aliuliza kama mtu aliyechoka kubeba hesabu peke yake, anataka mwenzake naye aione. Duka la Pruitt. La ndugu wawili kwenye njia panda. Lile kubwa karibu na barabara kuu, lenye kahawa ya bure. Mnada wa Jumamosi. Majirani wanaouziana kwenye maegesho ya kanisa bila karatasi. Na rekodi za Dillon ni safi, hana hata doa, na zitabaki safi kesho na kesho kutwa. Royce alikuwa na nguvu za kunyanyua injini ya trekta, na hapakuwa na mahali pa kuziweka.

"Nifanye nini?" alimuuliza mwanawe. Hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo tangu awe mtu mzima. "Niambie, nitafanya. Chochote."

"Sijui, baba. Ningejua ningefanya mwenyewe." Dillon akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Usinirudishe kule kwangu tu."

Royce akatoa simu ampigie Glenda. Amwambie amtafute yule daktari, sasa hivi, leo hii. Amwambie atoe kila bunduki iliyomo nyumbani aipeleke kwa Wanda. Alijua ya kusema. Alikuwa ameyapanga. Simu iliita mara moja tu; Glenda alikuwa anaisubiri.

"Mmemaliza?" Glenda alisema kwa sauti ya kujichangamsha, kama wanavyouliza mama wote wa Tidwell siku hiyo. "Haya niambie. Kachagua ipi?"

Maneno yote aliyopanga yalimtoka kichwani. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Alijaribu tena. Glenda akaanza kuita, "Royce? Royce, kuna nini?" na Royce Tidwell, wa ukoo wa wasemaji, akakaa na simu sikioni huku machozi yanamchuruzika ndevuni, hana hata silabi moja.

Dillon akanyoosha mkono, akamchukulia simu taratibu.

"Mama, ni mimi. Hapana, hatujapata ajali. Baba hawezi kuongea, analia." Akasikiliza. "Mimi niko sawa."

Dillon alifumba macho, akaweka paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

"Hapana, mama," alisema. "Siko sawa."

Royce alimsikia Glenda akianza kusema haraka haraka, sauti ndogo ndani ya simu, haisikiki maneno. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama, akangoja mmoja wao amwambie aelekee wapi.